Mchakamchaka na Keki: Mji wa Vienna kwa Miguu na kwa Ulimi

(Mazungumzo yaliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Yanapigwa chapa hapa kwa ombi la Kamati.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu mlio kazini na mliostaafu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaolala leo katika mabweni tuliyolala sisi:

Kamati iliponiandikia barua ya kunitaka niseme machache, iliniachia nichague jambo mwenyewe. Nadhani walitarajia nitazungumza juu ya maji vijijini, kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa ugali. Nimechagua keki. Naona mwalimu wa nidhamu anacheka. Na acheke, ila asiondoke, maana ndani ya keki hizi mna habari za mbio, za kisukari, na za kesi moja iliyowashughulisha mawakili kwa miaka.

Kila mmoja aliyepita hapa anaujua mchakamchaka. Kengele inalia kabla ya jua, kiranja anagonga vitanda, na kabla hujajua kama umeamka au bado unaota, umekwisha kuwa barabarani unaitikia wimbo. Vijana wengi humaliza shule wakiapa kwamba hawatakimbia tena maisha yao yote. Sisi wa rika langu tumekitimiza kiapo hicho kwa uaminifu mkubwa. Matokeo yake nayaona kutoka hapa jukwaani, jinsi vifungo vya mashati vinavyofanya kazi ya ziada. Mchana huu, kabla ya pilau kupakuliwa, zaidi ya mmoja wetu alitoa kijaluba cha vidonge mfukoni.

Tatizo la mchakamchaka, kwa maoni yangu, halikuwa kukimbia. Lilikuwa kwamba hatukuwa tunakwenda popote. Tulizunguka tukarudi palepale kwenye uji. Mtu mzima hawezi kutolewa kitandani na kiranja, basi sharti awe na jambo la kumwita huko aendako. Mimi nililipata jambo hilo ugenini, katika mji wa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 2023, nilipopelekwa kwa wiki 4 katika mafunzo ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. (Wasije vijana wakadhani nilikwenda kujifunza mabomu. Shirika hilo lina kitengo kinachotumia isotopu kupima umri wa maji yaliyo chini ya ardhi, ili mchimba kisima ajue kama anachota mvua ya majuzi au maji yaliyokaa humo maelfu ya miaka.)

Tulikuwa 4 tuliozoeana upesi kwa sababu ya Kiswahili: bwana mmoja wa Kenya, dada mmoja wa Uganda, mimi, na mzee mmoja wa hapa kwetu Tanzania, mkubwa wangu kwa miaka 10 na zaidi, ambaye sote tulimwita Mzee tu. Yule Mkenya alikuwa mkimbiaji hasa. Siku ya kwanza nilipojikongoja nyuma yake akageuka akaniuliza, "Bwana, unakimbia au unatafuta nyumba ya mtu?" Nikamwambia natafuta duka la keki. Nilisema kwa mzaha, lakini jibu lile likawa ratiba yetu ya kila Jumamosi na Jumapili.

Sasa niwaeleze mji wenyewe, kwa sababu umekaa kama uliojengwa kwa ajili ya jambo hili. Vienna ya zamani ilizungukwa na ukuta mnene wa ngome. Waturuki waliuzingira mji huo mwaka 1529, wakaja tena mwaka 1683, na mara zote mbili hawakuingia. Mwaka 1857 Mfalme Franz Joseph akaamuru ukuta uvunjwe, na mahali pake ikafanywa barabara pana ya kuuzunguka mji, iliyofunguliwa tarehe 1 Mei 1865. Inaitwa Ringstrasse, yaani barabara ya pete. Ukiiunganisha na kipande cha kando ya mfereji wa Danube unapata mzunguko wa kilomita 5 na ushei. Unaanzia jumba la opera, unapita bustani na kasri la wafalme, unapita Bunge, unapita ukumbi wa manispaa wenye mnara mrefu, unapita Chuo Kikuu, unashuka hadi mfereji, halafu unarudi kwa njia ya bustani ya mji, penye sanamu iliyopakwa dhahabu ya Johann Strauss akipiga fidla. Hakuna mlima. Kuna njia ya waendao kwa miguu chini ya miti pande zote, na tramu zinazokupita zikikuonea huruma.

Kiu nayo haina shida. Maji ya bomba ya mji ule hutoka katika chemchemi za milima ya Alps, na mfereji wa kwanza wa kuyaleta ulifunguliwa mwaka 1873. Hushuka kwa mteremko wenyewe. Mimi niliyeajiriwa kwa ajili ya maji nilisimama kwenye bomba la barabarani nikanywa, nikanyamaza kidogo, nikaendelea kukimbia.

Na ndani ya pete hiyo ndimo zilimo keki. Nyuma ya jumba la opera iko Hoteli Sacher, iliyoanzishwa mwaka 1876. Ukikata mitaa kupita kando ya kasri, mwendo ambao hata mimi naumaliza kwa dakika chache, unafika mtaa wa Kohlmarkt, lilipo duka la Demel, ambalo asili yake ni mwaka 1786 na ambalo lilikuwa likimuuzia Mfalme vitu vitamu. Nyumba hizi mbili zilipigania keki moja.

Keki hiyo ni Sachertorte. Inasimuliwa kwamba mwaka 1832 mkuu wa serikali, Metternich, alikuwa na wageni, na mpishi wake mkubwa alikuwa mgonjwa. Kazi ikamwangukia mwanagenzi wa miaka 16 aitwaye Franz Sacher. (Sikilizeni, ninyi wa Kidato cha Tatu: miaka 16.) Akatengeneza keki ya chokoleti yenye jamu ya aprikoti, tunda linalofanana na pichi ndogo, na juu yake akamwaga chokoleti iliyochemshwa na sukari, ambayo ikipoa huwa gamba jeusi linalong'aa. Mwanawe, Eduard, alijifunza kazi pale Demel, kisha ndiye akaanzisha hoteli. Katika miaka ya 1930 hoteli ikafilisika ikapata wenyewe wengine, na mjukuu wa Franz akaenda Demel na haki ya kuuza keki kwa jina la babu. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa: ni nani mwenye Sachertorte ya asili? Shauri likafika mahakamani miaka ya 1950, na halikwisha ila kwa mapatano mwaka 1963. Hoteli ikapewa neno "ya asili" na muhuri wa chokoleti wa duara, Demel ikapewa muhuri wa pembe 3. Miongoni mwa yaliyobishaniwa ni jamu. Keki ya hoteli imepasuliwa katikati ikatiwa jamu, na ina jamu nyingine chini ya gamba. Ya Demel haikupasuliwa, jamu yake iko chini ya gamba tu.

Huo tu ndio mpaka: mstari mmoja wa jamu. Nami nikasema, jambo lililowashinda mawakili laweza kuamuliwa na watu 4 wenye njaa.

Ndugu zangu, katika kazi yangu nimekaa kwenye kamati za zabuni, na najua jinsi jina lililoandikwa juu ya bahasha linavyoweza kuonja keki kabla ya ulimi. Kwa hiyo tulitunga kanuni. Tulikimbia Ring kuanzia saa 3 asubuhi, tukafika madukani saa 4. Mkenya alikwenda kusimama foleni ya hoteli, mimi ya Demel, maana foleni za watalii ni ndefu mahali pote pawili. Tulinunua vipande vya kuchukua, tukakutana kwenye benchi katika bustani iliyo nyuma ya kasri. Dada yetu wa Uganda akavikata vipande huku ametupa mgongo, akavipanga juu ya karatasi iliyoandikwa namba 1 na namba 2, na sisi wengine tukafumba macho. Wapita njia walitazama sana. Waafrika 3 wamefumba macho bustanini, wamefungua vinywa, na mama mmoja anawalisha kama makinda.

Jumamosi ya kwanza, namba 1 ilishinda kwa kura zote, nayo ilikuwa ya Demel. Mkenya, aliyekuwa ameapa kwa jina la hoteli, alikasirika akadai rufani. Jumamosi ya pili dada akabadilisha mpangilio bila kutuambia. Namba 1 ikashinda tena, na safari hii ilikuwa ya hoteli. Tukacheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu maana yake ilikuwa wazi. Mtu aliyetoka kukimbia kilomita 5 husifu chochote kinachotangulia kinywani. Aliyechagua ni njaa, ulimi ulikuwa bado haujafika kazini.

Tangu siku hiyo tukaongeza kanuni ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Baada ya kukimbia, kwanza maji. Kisha kaa dakika 15 mpaka jasho likauke. Kisha kula tonge moja lisilohesabiwa, la mkate mtupu au la kipande cha tatu, ili njaa ipate chake na iondoke barazani. Hapo ndipo uanze kuonja kwa haki: namba 1, maji, namba 2, maji, halafu kinyume chake, namba 2 kwanza. Kwa utaratibu huo tofauti zikajitokeza. Keki ya hoteli, kwa sababu ya jamu ya katikati, ina uchachu unaokutana nawe mara mbili. Ya Demel ni moja kwa moja, chokoleti mbele, aprikoti nyuma yake, na kwa ulimi wangu gamba lake lilikuwa laini zaidi. Zote mbili ni kavu kidogo kwa mtu aliyezoea keki zetu za arusi. Ndiyo sababu wenyewe huzila na krimu iliyopigwa bila sukari, na ukiila bila krimu hiyo usilaumu mpishi. Hukumu yangu mimi ni Demel. Mkenya alibaki na hoteli, lakini sasa alikuwa na sababu ya kueleza.

Jumapili tulikwenda kwa keki nyingine. Ile ya Esterházy ina tabaka jembamba za lozi na krimu, na juu yake sukari nyeupe iliyochorwa mistari ya kahawia. Dobos ilibuniwa na mwoka keki wa Budapest, József Dobos, akaionyesha katika maonyesho ya mwaka 1885, na juu yake kuna sukari iliyounguzwa inayopasuka kama kioo. Ile ya Linz, iliyofumwa juu kama mkeka, mapishi yake yamepatikana katika kitabu cha mwaka 1653. Sitawachosha. Nasema tu kwamba hazilinganiki na Sachertorte, kama vile mbio za mita 100 zisivyolinganika na marathoni. Linganisha Dobos na Dobos ya duka jingine. Anayetoa zawadi moja kwa keki za aina 6 anatafuta ugomvi.

Sasa nifike mahali ambapo huwa naulizwa: "Si unakimbia? Basi kula tu, itaungua." Tuhesabu pamoja. Kanuni ya makadirio ni nyepesi: kukimbia kilomita 1 hugharimu kalori 1 hivi kwa kila kilo ya mwili. Mimi nina kilo 80. Ring nzima, kilomita 5, ni kalori 400. Kipande cha Sachertorte cha gramu 100 kina kalori zinazokaribia 400, na krimu bado haijahesabiwa. Yaani duara zima la mji wa kifalme, na Bunge lake na chuo chake, linalipia kipande kimoja tu, na krimu inabaki deni. Anayekimbia ili apate ruhusa ya kula vipande 3 atanenepa huku amevaa raba.

Lakini hesabu hiyo si habari yote, na hapa namrudia Mzee. Mzee alikuwa na kisukari, cha watu wazima, anatumia vidonge, na daktari wake alikuwa amemruhusu kukimbia polepole. Alikuwa na kile kipimo cha tone la damu. Asubuhi moja, saa moja na nusu baada ya chai, alijipima mbele yetu ikasoma 10 na nukta 8. Tukazunguka Ring, yeye akikimbia kidogo akitembea kidogo, dakika 50. Akajipima tena pale bustanini: 7 na nukta 4. Hakuwa amemeza kitu ila maji. Sababu yake inajulikana. Misuli inapofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu hata pale ambapo insulini haifanyi kazi yake vizuri, na huendelea kuivuta kwa saa kadhaa baadaye. Hiyo ni dawa ambayo haiuzwi dukani.

Siku hiyo Mzee alikula kipande kizima. Alisema anataka kujua. Saa moja baadaye kipimo kilisoma zaidi ya 12. Hakuna aliyesema neno. Jumamosi iliyofuata alikimbia vilevile, akala robo ya kipande, akatafuna polepole kama mtu anayesoma barua ya nyumbani, na kipimo kikabaki chini ya 9. Tangu hapo robo ndiyo ikawa haki yake, na nawaambia kweli, kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa mwonjaji hodari kuliko wote, kwa sababu hakuwa na kipande cha kupoteza. Alikuwa akitambua keki ya jana na ya leo. Sisi tulikuwa tunakula, Mzee alikuwa anaonja.

Wapo humu ndani wenye ugonjwa huo, wengine wanajua na wengine hawajapimwa. Anayejua, aende kwa daktari wake kabla ya kuvaa raba, hasa anayechoma sindano ya insulini, maana kwake mbio zinaweza kuishusha sukari ikapita kiasi, na ni lazima awe na kitu kitamu mfukoni. Asiyejua, muuguzi wa zahanati yuko pale mlangoni na kipimo mpaka jioni, bila malipo. Kamati ilikubali ombi langu hilo kabla sijakubali kuzungumza.

Jumapili yetu ya mwisho Mkenya alitupeleka Prater. Ni bustani kubwa iliyokuwa mawindo ya wafalme, na ndani yake kuna njia moja iliyonyooka, tambarare, yenye miti pande mbili, ya kilomita 4 na ushei. Hapo ndipo Eliud Kipchoge, tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa alisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkinga upepo, na gari likiwaongoza mbele, lakini hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuchukua muda pungufu ya saa 2. Rafiki yetu alivua kofia. Akatuambia tukimbie kilomita 1 tu kwa mwendo wa Kipchoge. Kilomita 1 kwa mwendo ule ni dakika 2 na sekunde 50. Mimi nilidumu mita 150 hivi, yeye mwenyewe 400. Dada wa Uganda alikuwa anashika saa. Mzee alikuwa ametangulia kutembea mpaka mwisho wa njia, penye mgahawa wa duara, akatuwekea viti, na tulipofika akatuuliza kwa upole kama tumemwona Kipchoge.

Kuhusu migahawa ya kahawa ya mji ule nitasema moja tu, kwa faida ya vijana. Ukiagiza kikombe kimoja unaletewa na glasi ya maji, unapewa na gazeti lililobanwa katika fremu ya mti, na hakuna atakayekuinua hata ukikaa hadi jioni. Nimewahi kufukuzwa haraka zaidi katika hoteli ya chai nisiyoitaja, mjini hapahapa, na nilikuwa nimeagiza chapati 2.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, nakuja kwenye shughuli ya kesho. Hatuna Sachertorte, lakini tuna mkate wa kumimina, wa mchele na nazi na iliki, uliochomwa kwa moto wa juu na wa chini, na najua kwamba mji huu una akina mama 3 ambao kila mmoja anasema wake ndio. Nimewaomba watuletee, nao wamekubali, ingawa mmoja wao alitaka kwanza kujua nani mwingine anapika. Mikate itafika imefunikwa, na mke wa Mwalimu Mkuu ataiandika namba, yeye peke yake akijua ni ya nani. Tutaondoka gwarideni saa 12 asubuhi, tutashuka hadi stesheni, tutapita sokoni, tutarudi kwa barabara ya kanisani: kilomita 5 kasoro kidogo, nimezipima jana. Wenye kutembea watembee. Nyimbo zinaruhusiwa. Tukirudi, maji kwanza, dakika 15 kivulini, tonge moja la mkate wa boflo lisilohesabiwa, kisha kila mtu apate vipande 3 visivyozidi upana wa vidole viwili, na kura iandikwe kabla ya mtu kuongea na jirani yake. Vijana wa Kidato cha Nne watahesabu. Wenye kisukari meza yao iko upande wa maktaba, vipande vyao vimekatwa robo, na muuguzi atakuwa pamoja nao.

Firimbi anayo kiranja mkuu. Nimemwambia asigonge vitanda vya wazee.